Mwenye Kuuguza Naye Alale

Mzee akipata kiharusi, nyumba nzima hubadilika ndani ya siku moja. Hospitali hufanya kazi yake kwa wiki moja au mbili, kisha huandika ruhusa, na kuanzia hapo kumlisha, kumwogesha, kumgeuza, kumpa dawa na kumpeleka kliniki huwa kazi ya nyumbani. Kwa maneno ya ukoo, ni kazi ya wote. Kwa vitendo, mwezi hauishi kabla haijamwangukia mtu mmoja: binti ambaye hajaolewa au aliyerudi kwao, mkazamwana anayeishi na wakwe, mke ambaye naye umri umekwenda, na mara chache mtoto wa kiume asiye na ajira ya kudumu. Makala hii inamhusu mtu huyo na mapumziko yake. Nitaeleza kwa nini mapumziko hayo ni sehemu ya matibabu ya mgonjwa, kwa nini mengi yanayoitwa mapumziko hayampumzishi, na yanavyoweza kupatikana katika nyumba isiyo na fedha za ziada.

Wanaouguza namna hii si wachache. Utafiti uliofanyika wilayani Hai, Kilimanjaro, na jijini Dar es Salaam kati ya 2003 na 2006 ulikuta kwamba kila mwaka watu wapatao 109 katika kila 100,000 hupata kiharusi huko Hai, na wapatao 316 Dar es Salaam, baada ya kusawazisha tofauti za umri. Huko huko Hai, uchunguzi wa mwaka 2010 uliwakuta wazee zaidi ya 6 katika kila 100 wa miaka 70 na kuendelea wakiwa na demensia, ugonjwa unaofuta kumbukumbu na kubadili tabia. Makao ya wazee ni machache, na yale ya serikali yaliwekwa kwa ajili ya wasio na ndugu. Wengine wote wanauguzwa chumbani kwao, na aliye karibu zaidi na kitanda.

Tazama usiku mmoja wa mtu anayemuuguza mama aliyepooza upande mmoja na asiyeweza kujigeuza. Saa nne anampa dawa ya presha, anambadilisha pampasi, anamlaza kwa ubavu na kumwekea mto mgongoni asirudi chali. Saa sita anaamka kumgeuza, kwa sababu ngozi iliyobanwa kati ya mfupa na godoro hukosa damu na kuanza kufa, hasa kisiginoni, nyongani na penye mfupa wa mkiani. Akimkuta amelowa, inabidi abadilishe kanga, shuka na nailoni ya chini, na mgonjwa bado yuko juu ya kitanda. Saa nane anamgeuza tena. Saa kumi vilevile. Saa kumi na moja anawasha jiko, maana uji lazima uwe tayari kabla ya dawa za asubuhi. Ukijumlisha, utasema amelala saa tano au sita. Lakini hakuna hata mara moja alipopata saa mbili mfululizo, na usingizi hauhesabiki kwa kujumlisha vipande. Mzunguko mmoja wa usingizi huchukua takriban dakika 90, na kila anapoamshwa anaanza upya kutoka mlangoni. Sehemu ya kina, ile inayorudisha nguvu, ndiyo inayokatwa.

Huyu ndiye atakayepima vidonge vya kuzuia damu kuganda asubuhi hiyo. Jaribio lililochapishwa mwaka 2000 lilionyesha kuwa mtu aliyekaa macho kwa saa 17 hadi 19 hufanya kazi za kupima umakini kama mtu mwenye asilimia 0.05 ya pombe katika damu, kiwango ambacho nchi nyingi zinamkataza mtu kushika usukani. Hatuwezi kumwachia dereva wa namna hiyo abiria, lakini tunamwachia mgonjwa kwa miezi, kisha tunashangaa dozi ikirukwa au mgonjwa akipaliwa na uji kwa sababu aliyekuwa anamlisha alisinzia kijiko kikiwa mkononi.

Kuhusu kugeuza usiku, lipo jambo ambalo familia nyingi hazijaambiwa. Kanuni ya kila baada ya saa mbili ni ya zamani, na ni salama kuifuata kwa mgonjwa aliyelala kwenye godoro lililobonyea. Mwaka 2013 yalichapishwa matokeo kutoka nyumba za wazee za Marekani na Kanada, ambako wazee zaidi ya 900 wasio na vidonda, wote wakiwa kwenye magodoro mazuri ya sponji nzito, waligawanywa: wengine waligeuzwa kila baada ya saa mbili, wengine tatu, wengine nne. Vidonda havikutofautiana kwa maana yoyote kubwa. Usichukue hilo kama ruhusa ya kulala hadi asubuhi. Lichukue kama swali la kumpelekea muuguzi: kwa godoro hili na ngozi hii, usiku tunaweza kukaa saa ngapi kabla ya kumgeuza tena? Anayeuguza akipata saa nne mfululizo, atakuwa amelala. Ndugu wanaouliza walete nini wanaweza kuanzia na godoro.

Sasa swali lenyewe ambalo watu hulichanganya. Je, kuuguza kunamdhuru anayeuguza, au tunakuza mambo? Mwaka 1999 watafiti wawili wa Marekani, Richard Schulz na Scott Beach, walitoa matokeo ya kuwafuatilia kwa miaka minne watu wa umri wa miaka 66 hadi 96 wanaoishi na wenzi wao. Waliokuwa wakiuguza wenzi wao na kuelemewa na kazi hiyo walikuwa na hatari ya kufa iliyozidi kwa asilimia 63 ile ya wasiouguza. Takwimu hii imesambaa sana, na mara nyingi husambazwa nusu. Nusu ya pili ni kwamba waliouguza bila kuelemewa hawakuwa na ongezeko hilo. Mwaka 2013 utafiti mwingine wa huko huko uliwalinganisha watu zaidi ya 3,500 wanaouguza ndugu zao na wenzao wanaofanana nao kwa umri, afya na hali ya maisha. Katika miaka sita hivi, wanaouguza walikufa wachache zaidi, pungufu kwa takriban asilimia 18.

Ukizisoma pamoja, hazigombani. Kumtunza mzazi au mwenzi kunampa mtu heshima, sababu ya kuamka, na ukaribu ambao wengi wanasema wasingeubadilisha na chochote. Kinachovunja mwili ni kuelemewa bila kupokewa. Mwaka 1995 Janice Kiecolt-Glaser na wenzake waliwatoboa kidogo kwenye ngozi ya mkono wanawake 13 waliokuwa wakiuguza ndugu wenye demensia, na wengine 13 wasiouguza, kidonda cha milimita 3.5 tu. Vidonda vya wanaouguza vilichelewa kupona kwa siku tisa hivi. Kundi ni dogo, lakini linatuonyesha kwamba uchovu huu umeingia hadi kwenye kinga ya mwili, mahali ambapo maneno ya kutiana moyo hayafiki.

Yapo hata maswali ya kuupima mzigo huo. Steven Zarit na wenzake walianza kuyatunga mwaka 1980, na toleo linalotumika zaidi lina maswali 22, kila moja likipewa alama 0 hadi 4, jumla 88. Yanauliza kama mtu anakosa muda wake mwenyewe, kama afya yake imeshuka, kama ana hasira akiwa karibu na mgonjwa, kama anaiogopa kesho. Katika kliniki nyingi za kwetu mgonjwa hupimwa presha, na aliyemleta huachwa ameshika faili. Naye presha yake ingepimwa hapo hapo, kwa kifaa kilekile, kwa dakika mbili.

Kuhusu mapumziko yanayoshindwa kupumzisha, tuanze na wageni. Kumjulia hali mgonjwa ni desturi njema, na mgonjwa asiyetembelewa hunyauka. Lakini tuangalie Jumapili ilivyo. Wanaingia watu sita baada ya ibada, wanakaa saa mbili, wanataka kusimuliwa upya ugonjwa ulivyoanza, wanahitaji chai, na wanaondoka wakisema pole, Mungu atakulipa. Vikombe vinabaki, na mgonjwa amepitisha muda wake wa kugeuzwa. Nyumba ilijaa watu, lakini hakuna aliyepokea kazi. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, na anayeutazama kutoka kwenye kochi ndiye anayeuona mwepesi kuliko wote.

Halafu kuna saa chache anazopewa kwa huruma. Shangazi anakuja, anasema, nenda mwanangu ukapumzike. Naye anakwenda dukani, anapanga foleni ya dawa, anafua shuka za wiki nzima, na simu inalia mara nne: ile dawa nyeupe iko wapi, mbona anakataa kula, uji wa kwenye chupa ni wa nani. Miguu imetoka, lakini dhamana imebaki nyumbani. Mtu hupumzika pale tu anapojua kwamba kwa saa hizi kadhaa kuna mwingine anayejibu, anayejua na anayeamua. Mengine ni kubadilisha aina ya kazi. (Kwa anayelipenda soko, kutembea sokoni peke yake bila haraka kunaweza kuwa mapumziko kamili. Ila achague mwenyewe.)

Tena mapumziko huja yakiwa yamechelewa, baada ya anayeuguza kuanguka au kulazwa yeye. Watafiti waliokusanya tafiti nyingi kuhusu huduma za kumpumzisha mwangalizi wamekuta ushahidi dhaifu, na baadhi ya watu hulitumia hilo kusema kwamba mapumziko hayasaidii. Mimi nalisoma tofauti. Mkusanyo huo unaweka kapu moja aliyepumzishwa mara moja kwa mwaka na aliyepumzishwa kila wiki. Mwaka 1998 Zarit na wenzake walitoa matokeo ya familia za New Jersey zilizompeleka mgonjwa wa demensia kituo cha kutwa angalau siku mbili kwa wiki, kwa miezi isiyopungua mitatu. Hao walipungukiwa na hisia ya kuelemewa na huzuni kuliko wenzao wasio na huduma hiyo. Siku zile zilijulikana mapema, zilirudi kila wiki, na zilitosha kulala, kufanya kazi au kwenda kwa daktari. Mwili wa mtu hutulia pia kwa kujua kwamba Alhamisi ipo.

Kwa hiyo kazi kubwa ni makabidhiano, na hapa ndipo familia nyingi hukwama. Anayeuguza anaogopa kuacha kwa sababu anajua vitu mia ambavyo hajawahi kuviandika: kwamba mama hawezi kumeza kidonge kikubwa, anapaliwa akipewa maji matupu lakini uji mzito anaumudu, akikunja uso namna ile anataka haja. Viandikwe kwenye daftari moja, kwa lugha ya nyumbani. Dawa na saa zake. Alishwe akiwa ameketi wima, vijiko vidogo, upande wa mdomo ambao haukupooza, kisha abaki ameketi nusu saa. Mkono uliopooza usivutwe wakati wa kumwinua, maana bega lake hushikiliwa na misuli isiyo na nguvu na huweza kuteguka. Ngozi itazamwe kila anapogeuzwa, na pakiwa na wekundu usioondoka, asilalie hapo. Namba ya kupiga ikitokea dharura. Kisha anayepokea afanye yote hayo akitazamwa, mara ya pili tena, na mara ya tatu anayeuguza atoke kwa saa moja. Saa hiyo moja ni ngumu kuliko zote. Ikipita salama, zinazofuata huwa rahisi.

Kuna kizuizi kingine ambacho vitabu vya kigeni havikijui, nacho ni heshima ya mwili. Mtoto wa kiume hamwogeshi mama yake ikiwa kuna namna nyingine, na mkwe hawezi hata kukifikiria hilo. Mama mwenyewe anaweza kukataa kuvuliwa na mtu yeyote isipokuwa binti yake. Hilo liheshimiwe. Shida ni pale heshima inapogeuka kinga ya wanaume dhidi ya zamu yote. Kumwogesha kunachukua nusu saa, na siku ina saa ishirini na nne. Mtoto wa kiume anaweza kulala chumba cha pili na kuamka kumgeuza mama akiwa amevaa kanga zake, akitumia shuka lililotandikwa chini yake ili kumvuta. Anaweza kumlisha, kumnyoosha viungo kama mtaalamu wa mazoezi alivyofundisha, kumpeleka kliniki, kufua, kukaa naye akimsomea gazeti au Qur'ani au Biblia. Mkwe anaweza kuchukua foleni zote za dawa na bima. Ukiipanga hivyo, binti anabaki na kuogesha, na anapata usiku tatu za kulala kwa wiki.

Na binti mwenyewe ana vita vya ndani. Amelelewa akijua kwamba radhi za wazazi zinapatikana kwa kuwahudumia, na anaona kwamba kuomba mtu mwingine ashike ni kuikimbia thawabu. Nimesikia hili mara nyingi, na kila mara linanisikitisha, kwa sababu wajibu huo haukuwekwa kwa mtoto mmoja. Dini zetu zimewaagiza watoto wote. Anayemwita kaka yake aje kumgeuza baba anamfungulia kaka mlango wa radhi ileile.

Lipo na jambo linalosemwa kwa kunong'ona, nalo linahitaji kusemwa kwa sauti. Aliyechoka sana hukasirika. Humfokea mgonjwa anayeuliza swali lilelile mara ya ishirini, humgeuza kwa nguvu kuliko inavyofaa, kisha hujifungia chooni kulia. Huyo si mtu mbaya. Amefika mwisho wa uwezo wake, na familia ikisikia hivyo haina haja ya kumweka kikao cha lawama. Imwondoe kitandani siku hiyo hiyo, alale siku mbili, ndipo mazungumzo yafuate.

Ndugu walio mbali, awe Nairobi, Muscat au London, hutuma fedha, na fedha hizo ni msaada wa kweli. Ila mara nyingi huja zimeandikwa kazi: dawa, pampasi, nauli ya hospitali. Ongezeni fungu la nne, la kumlipa mtu wa kukaa na mgonjwa siku mbili kwa wiki. Na kama mtu huyo ni dada wa kazi wa nyumba hiyo, basi alipwe kwa kazi hiyo na awe na siku yake ya mapumziko. Binti wa miaka ishirini aliyeajiriwa kupika, akajikuta anauguza usiku kwa mshahara uleule, ni mzigo uliohamishwa kutoka bega moja hadi lingine lisilo na sauti.

Nje ya nyumba, msaada upo kidogo, na inafaa kuutumia wote. Zipo hospisi, yaani huduma za kutuliza maumivu na kumtunza mwenye ugonjwa mzito usiopona: Nairobi Hospice ilianzishwa mwaka 1990, na Hospice Africa Uganda mwaka 1993 na daktari Anne Merriman, aliyefanya kazi kubwa ya kueneza morfini ya maji ya kunywa kwa wenye maumivu makali. Watu hudhani huduma hii ni ya mgonjwa wa saratani peke yake. Lakini mgonjwa ambaye maumivu yake yametulizwa usiku halii hadi alfajiri, na aliyelala mkekani pembeni yake hulala naye. Kenya, mpango wa fedha kwa watu wenye ulemavu mkali umewalenga hasa wanaohitaji mtu wa kuwashughulikia muda wote, na kiwango chake kimekuwa shilingi 2,000 kwa mwezi. Zanzibar ilianza Aprili 2016 kumpa kila mzee wa miaka 70 na zaidi pensheni, wakati huo shilingi 20,000 kwa mwezi. Fedha hizo zinasaidia sufuria. Kumpokea anayeuguza kwa siku moja hazijaweza.

Sheria nayo bado iko mbali. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya Tanzania ya mwaka 2004, katika kifungu cha 34, ilimpa mfanyakazi siku zisizopungua nne za likizo yenye malipo mtoto wake akiugua au akifariki. Kwa mwenzi, mzazi, babu au bibi, mjukuu na ndugu, siku hizo zilitajwa kwa kifo tu. Mama akipooza, likizo ya kumuuguza haikuandikwa. Akifa, ya kumzika ipo. Ujerumani, ambayo ina bima ya matunzo tangu 1995, hulipia mtu wa kushika nafasi ya mwanafamilia anayeuguza akiugua au akienda likizo. Uchumi wetu si wao, lakini siku tano kwa mwaka za kumuuguza mzazi si ndoto ya nchi tajiri.

Kinachowezekana mapema zaidi kiko kwa wahudumu wa afya ngazi ya jamii. Kenya ilizindua mpango wa wahudumu wapatao 100,000 Septemba 2023, na Tanzania ikazindua wake Januari 2024. Hawa wanaingia ndani, wanaijua nyumba, na wakimaliza na mgonjwa wanaweza kumgeukia aliye pembeni na kumuuliza maswali mawili: usiku unalala saa ngapi mfululizo, na nani anakupokea? Jibu likiwa hakuna, mhudumu anaweza kuwaita ndugu. Neno la mtu wa zahanati mara nyingi hupokewa pale ambapo neno la mdogo wa nyumba halisikilizwi.

Kwa sasa zamu inaandikwa nyumbani. Ombi la jumla kwenye kundi la WhatsApp la ukoo, jamani nisaidieni, hujibiwa kwa jumla: tuko pamoja. Ombi lenye jina, siku na saa ndilo linalojibika. "Kaka, shikamoo. Jumamosi hii kuanzia saa mbili asubuhi hadi saa kumi jioni baba ni zamu yako. Dawa na chakula vimeandikwa kwenye daftari. Njoo Ijumaa jioni nikuonyeshe anavyogeuzwa." Akijibu kwamba hawezi, ataje Jumamosi anayoweza, au alipe wa kukaa badala yake, na jibu lake libaki kwenye kundi wote wakilisoma.